Shingo ya Mpingo Mbichi

Fundi Anakleti tulimzika Likunja mwezi uliopita, na kila aliyesimama kumzungumzia alimsifu kwa vinyago. Katekista alitaja msalaba wa kanisani. Mwenyekiti wa kijiji alitaja kinyago cha watu waliobebana, kilichopelekwa mkoani kuwa zawadi ya mgeni fulani mkubwa ambaye jina lake hakulikumbuka. Majirani walitaja michi, mbuzi za kukunia nazi na miguu ya vitanda. Mimi nilikuwa mkekani upande wa wanawake, sahani ya wali na maharage magotini, nikingoja nione kama atapatikana hata mmoja wa kusema kwamba marehemu aliwahi kuchonga shingo ya gitaa la umeme. Hakupatikana. Wala sikuwalaumu, kwa sababu waliojua habari ile wengi wao nao wameshazikwa, na mimi mwenyewe ukiniona leo na vitenge vyangu na miwani iliyofungwa uzi huwezi kudhani nilipata kusimama mbele ya kipaza sauti. Kijana wa bodaboda aliyenitoa Nachingwea kuja msibani aliniuliza njiani nilijuana vipi na Mmakonde wa Likunja. Nikamwambia tulikuwa pamoja kwenye muziki. Alicheka kwa adabu, kama mtu anavyochekea maneno ya bibi yake, akaendelea kukwepa mashimo. Sina tabia ya kumbembeleza mtu aniamini.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule wa tisini na nane, mwaka wa mvua zisizojua kukoma. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nikiimba katika bendi ya Mzee Chitanda pale Nachingwea. Nasema bendi ya Mzee Chitanda kwa sababu ilikuwa yake, kama baa ilivyokuwa yake na lori la korosho lilivyokuwa lake. Yeye hakupiga chombo chochote. Lakini ngoma zilikuwa zake, spika zake, magitaa yake, na sisi tuliovipiga tulikuwa kama tumeazimwa pamoja navyo. Tulifanyia mazoezi kwenye stoo nyuma ya baa, jengo la enzi za Wazungu waliokuja kulima karanga, lenye kuta nene na madirisha madogo ya juu, na sakafu ambayo baada ya miaka yote ile bado ilitoa harufu ya mafuta ya mitambo ikilowa. Na mwaka ule ililowa kila siku. Tulipanga matofali, juu yake mbao, juu yake amplifaya, na kabla ya kuwasha umeme mpiga ngoma alikuwa na kazi ya kufuta maji, maana tulishapigwa shoti mara nyingi kiasi kwamba mimi nilizoea kuimba mdomo ukiwa mbali na kipaza sauti. Watu walidhani ni maringo.

Gitaa la solo lilikuwa jekundu, la bei ya chini kabisa, lililonunuliwa Dar likiwa kwenye boksi pamoja na mkanda wake. Mwili wake haukuwa mbao ya kweli, ulikuwa vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi na kupakwa rangi. Rangi ilipobanduka pembeni unyevu ukaingia, likavimba kama andazi lililochovywa kwenye chai. Funguo za kukazia nyuzi zililegea katikati ya wimbo, na vyuma vya shingoni vilikuwa vimelika hadi nyuzi zikawa zinakwaruza. Aliyelipiga alikuwa Selemani, sisi tukimwita Sele, kijana mrefu wa Kimwera kutoka upande wa Ruangwa, aliyetamka mtu kuwa ntu, mwenye mkono mkubwa ambao kidole gumba kilipita juu ya shingo ya gitaa na kubana uzi wa juu bila shida. Wachache wanaoniuliza mambo ya zamani huuliza kama tulikuwa wapenzi. Hatukuwa. Nilimpenda, hilo nalisema waziwazi kwa kuwa sasa halimuumizi mtu, naye alijua, na hakuna kilichotokea. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba alikuwa na sababu ya kukaa mbali na wanawake.

Mvua zikiwa zimepamba moto, Mzee Chitanda alileta habari kwamba watu wa redio watazunguka mikoa ya kusini kiangazi kikiingia, kurekodi bendi ndogo ambazo hazikuwa na njia ya kufika Dar. Aliitoa habari hiyo tukiwa tunakula, tumezunguka sinia la ugali wa muhogo na kisamvu alicholeta mkewe. Sele akaacha kula. Alisema kwa gitaa lile tusiende mbele ya watu wa redio, tutajiaibisha, na kwamba liko gitaa la maana huko Matambarale linauzwa. Mzee Chitanda alimega tonge akalizungusha mkononi kwa muda.

"Gitaa ni mbao na waya," alisema. "Mbao ikichoka tunabadilisha mbao. Waya ukichoka tunabadilisha waya. Kwa nini ninunue kitu kizima?"

"Ukishabadilisha mbao na waya, Mzee, utakuwa umenunua jingine kwa vipandevipande," Sele akamjibu. "Na bado litakuwa lile lile."

"Basi kanunue lako."

"Nitanunua."

Mpiga besi akamuuliza kama ana mjomba Ulaya, tukacheka wote, hata Sele. Lakini tangu siku ile alianza kulifumua lile jekundu. Funguo za nyuzi alizipata kwenye gitaa la kwaya lililovunjika mgongo. Kile kipande cha kichwani kinachokaliwa na nyuzi, ambacho kilikuwa cha plastiki, alikitoa akaweka mfupa wa ng'ombe aliousugua kwa jiwe. Waya mwembamba wa shaba aliufumua kutoka kwenye mota ya pampu iliyoungua, akageuza baiskeli magurudumu juu, akawa anazungusha gurudumu taratibu huku waya ukijivingirisha kwenye pikapu, kile kisumaku kinachonasa mlio wa nyuzi, kazi iliyomchukua siku nzima na kumwacha macho mekundu. Sauti ilinenepa, hilo halina ubishi. Balaa ni kwamba kila alichokitengeneza kilifichua ubovu wa kilichofuata. Funguo zilipokaza, tukasikia jinsi shingo ilivyopinda. Pikapu ilipopata nguvu, tukasikia vizuri zaidi jinsi vyuma vilivyolika. Nimeishi na mume, nyumba na mguu mbovu tangu wakati huo, na vyote vitatu vimenifundisha jambo hilo hilo.

Gitaa la Matambarale lilikuwa kwa Bi Somoe, mjane wa mzee aliyemfundisha Sele kupiga. Mzee yule alikuwa amepiga dansi Dar miaka mingi, akarudi nyumbani na gitaa lake kwenye kasha gumu na ugonjwa mwilini, akafa. Kwa Wamwera ukoo ni wa mama. Mwanamume akifa, wanaokuja kuchukua vitu vyake ni wapwa na wajomba, si mke wala watoto aliozaa. Walikuja, wakachukua redio, baiskeli, makoti, hata kitanda. Gitaa lilipona kwa sababu siku zile lilikuwa kwa Fundi Anakleti, kasha lake likitengenezwa bawaba, na Bi Somoe alipoulizwa alitazama chini tu. Sasa alitaka kuliuza kwa bei moja isiyobadilika, nayo ni bati za kuezekea nyumba yake. Sele akaniomba nimsindikize akalione, kwani haikupendeza kijana aingie peke yake kwa mjane. Lori la Mzee Chitanda lilitufikisha Ruangwa, na kutoka pale tukaenda kwa miguu, viatu mkononi, tope likifika kwenye vifundo.

Nyumba ya Bi Somoe naikumbuka kuliko nyumba nyingi nilizolala. Nyasi za paa zilikuwa zimeoza zikawa nyeusi, na chumbani kulikuwa na sufuria, beseni, ndoo na kibuyu kilichokatwa, kila kimoja chini ya tone lake, kila kimoja na mlio wake. Sehemu kavu ilikuwa moja tu, pembeni mwa ukuta, na hapo ndipo lilipolala kasha, limefunikwa khanga. Yeye alilala kwenye mkeka upande unaovuja. Sele alifungua kasha akalipakata gitaa. Lilikuwa la rangi ya asali iliyokolea, limekwaruzwa pale mkono wa marehemu ulipozoea kupita. Alilipiga hivyohivyo bila umeme, taratibu, na kwa sauti ile ndogo kila noti ilisimama mahali pake haikutikisika. Nilimwona Bi Somoe akigeukia ukuta. Nikasema nakwenda kutazama mboga, nikatoka kwenda jikoni, banda la fito lililopakana na chumba, lisilozuia hata kikohozi.

Nikiwa nageuza majani ya kunde nilimsikia akisema, "Lichukue, baba. Utaleta bati korosho zikiuzwa. Wewe si mgeni kwangu."

"Siwezi, mama."

"Unaogopa nini? Nimekwambia nitangoja."

"Nikifa nalo watakuja wajomba zangu. Watalikuta chumbani, watasema ni la Sele. Utawaambia nini? Ntu akishafunga virago hakuna wa kumuuliza. Wewe wameshakufanyia mara moja."

"Kijana mbichi kama wewe unaongea kufa kufa."

"Mama, tazama nkono wangu."

Matone yakaendelea kugonga sufuria. Kisha Bi Somoe akauliza kwa sauti ya chini, "Umepima?"

"Nilipima mkoani."

"Kama mzee."

"Kama mzee."

Nitalitaja kwa jina, kwa sababu mwaka ule hakuna aliyelitaja. Ulikuwa Ukimwi. Watu walisema ugonjwa huu, walisema kurogwa, walisema kifua, na dawa za kurefusha maisha zilikuwa bado hazijatufikia. Nilipoingia na chungu, wote wawili walikuwa wanazungumzia bei ya ufuta. Tukala. Bi Somoe alimwekea Sele kipande cha samaki mkavu ambacho nadhani kilikuwa cha mwisho ndani, akakaa akihakikisha anakila. Mimi niliacha kula mapema, nikasingizia chumvi. Hadi leo nina hasira na mlo ule, na watu watatu tulioketi pale tukijua jambo moja na kuongea habari za ufuta.

Njiani kurudi Ruangwa Sele aliniambia bila kunitazama, "Ulisikia."

"Nilisikia."

"Basi usiseme kwa bendi."

"Sitasema."

Tulitembea kipande. Akasema, "Kanda ya watu wa redio haizikwi na ntu. Nataka vidole vyangu vibaki mle. Lingine sina, Zai." Hakulisema kwa kutaka huruma. Alilisema kama mtu anayekueleza kwa nini anaharakisha. Na kwa kuwa gitaa la asali alikuwa amelikataa, lililobaki lilikuwa lile jekundu, na kilichobaki kwenye lile jekundu kilikuwa shingo.

Ndivyo tulivyofika Likunja kwa Fundi Anakleti. Alikuja kutoka Msumbiji akiwa mtoto, Kiswahili chake kilikuwa na Kimakonde ndani yake hadi mwisho, na chini ya banda lake la nyasi ulikaa juu ya mabaki ya mpingo, meupe ya nje na meusi ya ndani, yenye harufu kali inayokwama kooni. Wachongaji wetu huchonga mpingo ukiwa mbichi. Mkavu unavunja patasi. Ukikauka baadaye na kupasuka, wanaziba ufa kwa unga wa mpingo na gundi, wanapaka rangi ya viatu, wanang'arisha, na mnunuzi anaondoka na kinyago chake akiwa ameridhika. Kazi imefanywa hivyo tangu baba zao, wala si udanganyifu, ndivyo mti ulivyo. Kwa hiyo Sele alipotoa shingo ya zamani, iliyofungwa kwa skrubu tu, na kusema anataka nyingine kama hii ya mpingo, hakuna aliyeona ajabu, wala mimi.

Fundi aliizungusha ile shingo mkononi. "Ya kinyago nachonga," alisema. "Ya gitaa sijachonga. Lakini nti ni nti." Kisha akavuta nyuzi kwa kidole, akakunja uso. "Isipokuwa kinyago hakivutwi. Hiki kinavutwa. Kinataka kukaa darini juu ya moshi, kiangazi hiki na kile kingine."

"Kile kingine sina, Fundi."

Yule mzee aliinua macho. Alimshika Sele mkono, akaugeuza kiganja juu, akaupima kwa vidole vyake mwenyewe kama anavyopima gogo. Ulikuwa umebaki mifupa na ngozi. Alichagua gogo akalipasua katikati.

"Nachonga mbili," alisema. "Hii mbichi, nyembamba, ya nkono huu ulio nao. Hii ya pili naiacha nene, naiweka darini. Nkono ukirudi, uje uchukue."

Sele alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka vile tangu twende Matambarale.

Shingo ile nyembamba ilipofungwa, ikapigiliwa vyuma vilivyong'olewa kwenye gitaa bovu la kwaya, ikawekwa nyuzi mpya, stoo nzima ilisogea kusikiliza. Niseme kweli ya furaha nayo, maana ilikuwepo. Gitaa lilikuwa zito upande wa shingo, likimvuta bega, lakini alipogusa uzi sauti ilikaa, ikarefuka, ikawa na kitu cha gizani ndani yake ambacho kile chombo chekundu hakikustahili kuwa nacho. Mzee Chitanda alizunguka baa akiwaambia wateja, "Nilisema mimi, mbao na waya." Mvua zilikuwa zikiishia. Sherehe za kuwatoa wali unyagoni zilipoanza tulialikwa hadi Ruangwa, tukapiga kwenye viwanja vilivyofagiliwa, akina mama wakicheza mbele ya mabinti waliopakwa mafuta, na Sele akikaa kwenye kiti kwa sababu, alisema, ndivyo wapigaji wakubwa wanavyokaa. Nilijua kwa nini anakaa. Niliimba nikiwa nimempa mgongo ili nisione, na bado nakumbuka majuma yale kuwa mazuri kuliko yote ya ujana wangu.

Kisha upepo wa kiangazi ukaanza, ule mkavu unaopasua midomo. Ufa wa kwanza ulitokea karibu na mwili wa gitaa, mwembamba kama unywele. Sele akauziba kwa unga wa mpingo na gundi, kama kinyago. Ukatokea mwingine. Shingo ikaanza kujisokota, nyuzi za upande mmoja zikapanda, za upande wa pili zikagusa vyuma. Na mpingo ulivyokuwa ukikauka ulikuwa ukisinyaa, lakini vyuma havikusinyaa, kwa hiyo ncha zake zikachomoza pande zote mbili, kali. Kila asubuhi alizipiga tupa. Kufika jioni zimechomoza tena. Zikaanza kumkata mkono, naye hakuacha kupiga, akawa anafuta damu kwa leso na kuendelea. Bendi ilikuwa imeshaona alivyokonda. Sasa iliona damu. Mpiga ridhimu, aliyekuwa akimsaidia kukaza nyuzi, akaacha kulishika lile gitaa. Kikombe cha Sele kikatengwa. Hakuna aliyesema neno baya, na huo ndio ubaya wenyewe ninaoukumbuka, watu wazuri wakisogeza viti.

Watu wa redio walifika gari lao likiwa limefunikwa vumbi lote. Tukatundika mablanketi ukutani stooni, wakaweka mashine zao mezani, na fundi wao, kijana mpole wa mjini mwenye vifaa masikioni, akatuomba tupige. Tulianza na wimbo aliotunga Sele. Ulikuwa na mahali katikati ambapo mimi nanyamaza na solo linatembea peke yake kwa muda mrefu kabla sijarudi. Tulipofika pale kijana alinyanyua mkono. Tukarudia. Akanyanyua tena. Sele alijaribu kuvuta nyuzi kwa nguvu zifike zinapopaswa kufika, akajaribu kupiga juu zaidi, akajaribu kukaza, damu ikawa inashuka kwenye kifundo cha mkono. Shingo ilikuwa imekwenda, na hakuna kidole kinachoweza kurekebisha shingo iliyokwenda.

"Samahani, kaka," kijana yule alisema. "Nikiipeleka hivi wataikataa yote. Tupige bila solo. Hapo katikati ridhimu ijaze."

Mzee Chitanda akasema ndiyo, ijaze. Sele alisimama. Alimwambia mpiga ridhimu kwa upole kabisa, "Usijaze. Paache wazi."

Wakakubaliana. Sele akachomoa waya wa gitaa lake kwenye amplifaya. Tukaanza upya, nikaimba, tukafika pale katikati, nikanyamaza, zikabaki besi na ngoma. Na Sele akalipiga solo lake lote, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila umeme, macho ameyafumba, vidole vikikimbia juu ya mpingo uliopasuka. Mimi niliyesimama karibu nilisikia nyuzi zikikwaruza kidogo. Kipaza sauti hakikusikia kitu. Nilirudi kuimba nikiwa natetemeka, na ukisikiliza kanda ile vizuri utanisikia.

Alikufa mabibo yakianza kuanguka, kabla korosho hazijaanza kuuzwa. Wajomba zake walikuja chumbani kwake Nachingwea, wakachukua godoro, mashati, na viatu vilivyokuwa vimemzidi ukubwa mwishoni. Kisha wakaenda Matambarale, kwani walisikia Sele ana gitaa la fedha nyingi kule. Bi Somoe aliniambia mwenyewe alivyowajibu. Aliwakaribisha, akawapa maji, akasema, "Ulizeni kijiji kizima kama Sele alileta hapa hata bati moja." Wakaenda zao. Baadaye aliliuza kwa mpigaji mmoja wa Masasi, akaezeka. Aliishi chini ya bati zile miaka michache kabla naye hajafuata, na nyumba ipo hadi leo, nimeiona, mjukuu wake anaishi mle pakavu. Mpiga besi wetu alikuwa akisema Sele alikuwa mjinga kukataa chombo kile alipopewa. Sikuwahi kumjibu, na sasa amekufa bila kujibiwa.

Lile jekundu hakuna aliyekubali kulipiga. Mzee Chitanda alilitoa nyuma ya stoo mchana mmoja, akalimwagia mafuta ya taa. Nilikwenda kusimama pale kwa sababu niliona si vizuri liungue peke yake. Mwili uliwaka mara moja, kwa moshi mweusi wa rangi na gundi, ukaisha. Shingo haikuisha. Mpingo hauna haraka motoni. Ilibaki kwenye majivu imekuwa kaa jekundu lote, nyuzi zimejikunja juu yake, na tulipokuwa tunafunga baa jioni ilikuwa bado inawaka. Mwaka uliofuata bendi ilivunjika yenyewe, kwa uchovu na kwa vifo vingine ambavyo havimo katika masimulizi haya.

Wimbo ule hupigwa mara moja moja, kwenye vipindi vya nyimbo za zamani. Majuzi niliusikia dukani nikinunua sukari. Ulipofika katikati mwenye duka, kijana, akapiga vidole juu ya kaunta na kusema hapo wazee walipatia sana, waliacha ngoma ipumue. Nilichukua sukari yangu nikaondoka bila kusubiri chenji.

Msibani Likunja, watu walipoanza kutawanyika, binti wa Fundi, Restituta, alinishika mkono akaniomba nisubiri. Alipanda ngazi akaingia darini juu ya jiko, nikamsikia akisogeza magunzi, akashuka na kitu kirefu kilichofungwa gunia, kimejaa masizi. "Baba alikuwa hataki iguswe, Bibi," alisema. "Wapo waliotaka kuinunua waichonge bakora. Aliwaambia ina mwenyewe. Siku za mwisho akasema akija yule wa Nachingwea apewe yeye." Nilifungua gunia. Nikaifuta kwa upande wa kitenge. Ilikuwa imenyooka kabisa, haina ufa hata mmoja, na nilipoigonga kwa ukucha ililia kikavu na kwa muda mrefu. Nikajaribu kuishika kama Sele alivyokuwa akishika, kidole gumba kikipita juu. Hakikufika. Fundi alikuwa ameiacha nene kama alivyosema.

"Ya nani hii, Bibi?" Restituta akaniuliza.

Nikamwambia ni ya mtu aliyekuwa na mkono mkubwa.